Mjane Asiende Peke Yake

Katika Injili ya Luka, sura ya 18, mna habari ya mjane na kadhi. Mnaijua. Kadhi hamchi Mungu wala hajali watu. Mjane anamwendea, anarudishwa. Anamwendea tena, anarudishwa tena. Mpaka kadhi anachoka na usumbufu wake, anampa haki yake ili apate kupumzika. Wahubiri tumeitumia habari hiyo miaka nenda miaka rudi kufundisha watu kusali bila kukata tamaa, na hatukukosea, maana ndivyo Luka mwenyewe anavyoitambulisha. Lakini lipo swali ambalo hatuliulizi mimbarini. Mji ule ulikuwa na watu. Ulikuwa na wafanyabiashara, na wazee, na walimu wa torati, na majirani waliomzika mume wa mama huyu. Walimwona akipita asubuhi, wakamwona akirudi jioni mikono mitupu. Walikuwa wapi? Luka hamtaji hata mmoja aliyeinuka kwenda naye.

Mjane yule alishinda kwa miguu yake. Hakuwa na wakili, hakuwa na wa kumwandikia madai, hakuwa na wa kumwambia leo usiende, kadhi hayupo. Sisi tukausifu uvumilivu wake, tukafunga kitabu, tukaenda zetu. Ndugu zangu, kila tunapousifu uvumilivu wa mnyonge mlangoni pa mahakama bila kujiuliza nani alimwacha asimame pale peke yake, tunajitafutia kisingizio. Leo sitahubiri uvumilivu wa mjane. Nitahubiri dhidi ya mji.

Na mji huo ni wetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, inatamka usawa wa watu wote mbele ya sheria. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zisitazame cheo wala mali ya mtu, zisikawize haki pasipo sababu ya maana, wala zisikubali masharti ya kiufundi yawe pingu za haki yenyewe. Mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, na mwaka uliofuata Zanzibar ikatunga ya kwake. Sheria ya Bara ilimtambua msaidizi wa kisheria, yule mama au kijana wa kijijini aliyefundishwa sheria za msingi ili awaongoze wenzake. Ikamweka msajili. Ikataka walioko mahabusu na magerezani nao wafikiwe. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ili mtu asihukumiwe kwa maneno asiyoyaelewa.

Haya ni mema, na walioyapigania walikesha. Nawaheshimu. Lakini sheria isiyotengewa fedha ni zahanati iliyopakwa rangi, ikawekewa kibao na kukatwa utepe, halafu mgonjwa anafika usiku anakuta mlango una kufuli kwa sababu hakuna aliyeajiri muuguzi. Msaada wa kisheria kwa maskini hutolewa bure, na ndivyo inavyopasa. Bure kwa anayepokea. Kwa anayetoa si bure hata siku moja: kuna nauli, kuna karatasi, kuna kuchapisha, kuna siku nzima ya shamba aliyoiacha ili amsindikize jirani hadi makao makuu ya wilaya. Siku hiyo nani anamlipa?

Ngoja niwaoneshe njia anayopita mjane wa leo, kwa maana wengi tunaipita kwa gari na hatujui urefu wake.

Mumewe amefariki. Matanga hayajaanuliwa sawasawa, ndugu wa marehemu wanakaa kikao cha ukoo. Muhtasari unaandikwa yeye akiwa jikoni anawapikia. Shemeji anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa kwenye ubao ambao mama huyu hajawahi kuupita, muda wa pingamizi unakwisha, shemeji anapewa barua ya usimamizi. Mvua za masika zinapofika, anakuja mtu asiyemjua na trekta, na karatasi ya mauziano mkononi.

Anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti anampeleka Baraza la Kata. Baraza la Kata, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Shemeji hataki kusuluhishwa, na kwa nini atake? Basi mama anaelekezwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa wengine liko wilaya ya jirani, safari ya basi kwenda na kurudi, na usiku mmoja wa kulala kwa mtu. Anaambiwa alete maombi kwa maandishi. Nje ya geti wapo vishoka. Hawana leseni wala ofisi, wana mkoba na muhuri, nao humwandikia hati kwa bei wanayoisoma usoni mwake. Anauza mbuzi, hati inaandikwa.

Siku ya shauri upande wa pili una wakili msomi. Anasimama kwa adabu, anainua pingamizi la awali. Hati ya kiapo ina kasoro. Aliyeshtakiwa siye aliyepaswa kushtakiwa. Muda umepita. Maombi yanatupwa, na anayeyatupa huenda ni mtu mwadilifu kabisa anayefuata sheria kama ilivyo. Mama anatoka nje akidhani amehukumiwa kuwa shamba si lake. Hakuna aliyeligusa suala la shamba! Hakuna aliyefika hata kwenye mpaka wake. Shauri limekufa mlangoni, na hana wa kumwambia kwamba lingeweza kuletwa upya likiwa limeandikwa vizuri.

Tuna msemo wetu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nusu ya kwanza tumeitekeleza kikamilifu.

Msidhani natunga kisa ili niwatoe machozi. Yako mashauri yaliyoandikwa, na kila mtu anaweza kuyasoma. Wajane wawili wa Shinyanga, walioolewa kwa mila za Kisukuma, walifiwa na waume zao, wakatolewa na ndugu wa marehemu kwenye nyumba zao pamoja na watoto. Ndugu hao walisimama juu ya kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo hazimpi mjane fungu katika urithi wa mumewe pale ukoo wa mume upo. Wajane wale walipata bahati ambayo wengi hawaipati: walisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, wakafungua shauri Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, lakini ikasita kuzibadili kwa hukumu. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya hati, bila kulifikia lenyewe lililowaleta. Wakapeleka malalamiko hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ikaona kuwa haki zao zimevunjwa.

Tafakarini hayo. Miaka kumi hivi, mahakama mbili za juu kabisa nchini, na kamati moja ya kimataifa, na hao walikuwa na mawakili walioijua kazi. Sasa mfikirieni yule ambaye hakumpata hata kishoka mwaminifu.

Tuje kwa mwanamume, maana dhuluma haichagui. Kijana amekamatwa katika msako. Kosa aliloandikiwa halina dhamana. Anapelekwa mahakamani kwa karandinga, anasomewa mashtaka, anaambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Upelelezi haujakamilika. Anarudi mahabusu. Wiki mbili baadaye, karandinga tena, kizimba tena, upelelezi haujakamilika. Mama yake anasimama ukutani na chakula kwenye kikapu. Watoto wanazaliwa, wanatembea, wanaanza shule, na maneno ni yaleyale mawili. Wakili angesimama akauliza: mheshimiwa, haujakamilika wapi, na kwa nini? Swali hilo moja lina thamani. Huwafanya watu watafute jalada. Lakini swali hilo lina bei, na mama mwenye kikapu hana bei hiyo.

Na akihukumiwa? Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya jinai inampa siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa. Siku kumi, kwa mtu aliyetoka kuambiwa miaka 30, ambaye bado hajajua atalala wapi. Askari magereza wema huwasaidia wafungwa kujaza fomu hizo, nami nawaombea baraka. Lakini tazameni tulipofika: tumemwachia mfunga mlango kazi ya kumsaidia mtu atoke.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakaa hapa kwetu, Arusha. Tarehe 20 Novemba 2015 ilitoa hukumu katika shauri la Mtanzania aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kuwa na wakili. Mahakama ikasema kwamba mtu asiye na uwezo, akikabiliwa na shtaka zito na adhabu nzito namna hiyo, alistahili kupewa wakili bila malipo hata kama hakuomba. Hata kama hakuomba! Shikeni maneno hayo. Maskini haombi wakili kwa sababu hajui kwamba wakili huombwa. Hukumu nyingine za aina hiyo zikafuata. Mwaka 2019 serikali yetu ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi na mashirika kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Nasema wazi kuwa uamuzi huo uliniumiza, na naomba urejewe. Lakini hata ukirejewa, tusifanye Arusha kuwa mahali pa kwenda kulalamikia wakili ambaye tungeweza kumtoa sisi wenyewe mapema, kule Mahakama ya Wilaya, siku ya kwanza.

Hapa kuna anayenyanyua mkono. Namsikia. Anasema: kwa nini kodi yangu imlipie wakili mwizi aliyeniibia pikipiki? Ni swali la mtu aliyeumia, nami nitamjibu kwa heshima. Ndugu yangu, siku ya kwanza mahakamani hakuna anayejua mwizi ni yupi. Akifungwa asiye mwizi, mwizi wako yuko mtaani na pikipiki yako anaendesha. Na hukumu iliyopatikana kwa mtu asiye na mtetezi hubomoka rufani, wakati mwingine baada ya miaka mingi, na hapo mwenye hatia na asiye na hatia hutoka pamoja. Wakili wa mshtakiwa huilinda hukumu yako isije ikaanguka.

Khalifa Umar bin Khattab anasimuliwa kumwandikia kadhi wake Abu Musa al-Ash'ari kwamba awasawazishe watu katika kuwatazama, katika kuwakalisha na katika kuwahukumu, ili mwenye nguvu asitumaini upendeleo na mnyonge asikate tamaa ya uadilifu. Qurani katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, inawaagiza waumini wasimame na uadilifu hata uwe dhidi ya nafsi zao na wazazi wao, awe tajiri au maskini anayehusika. Nawauliza masheikh zangu: kiti kinasawazishwaje ikiwa mmoja anakalia sheria zote na mwingine hajui hata afungue mdomo lini? Kadhi akiwa mwadilifu kama Umar mwenyewe, ataamua kwa kilicholetwa mbele yake. Asiye na wa kumletea, shauri lake halijamfikia kadhi.

Sasa nizungumzie fedha, na nitazungumza bila haya, kwa sababu haya imetugharimu sana. Tunadhani kuitaja fedha katika habari za haki ni kuichafua. Mjane wa Shinyanga hana anasa hiyo.

Kwa miaka mingi mzigo huu wameubeba wengine. Wanasheria wanawake wa TAWLA, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoanzishwa 1995, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar cha tangu 1992, walimu na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: hao wamewasikiliza maelfu. Tangu 2011 mfuko wa LSF umewawezesha wasaidizi wa kisheria wilaya kwa wilaya, Bara na Visiwani, kwa fedha za Denmark na baadaye Umoja wa Ulaya. Fikirini hilo kwa makini. Mlipa kodi wa Copenhagen, ambaye hatawahi kuliona shamba la mihogo la mama yetu, ndiye aliyelipia pikipiki ya aliyekwenda kumtetea. Namshukuru kutoka moyoni. Na papo hapo naona aibu, si kwa kupokea, maana aliyeshikwa mkono hana haja ya kuona aibu. Naona aibu kwa sababu tulipokea tukakaa.

Kwa maana mkono wa mwenzako ukiondoka, unaondoka kwa ratiba yake. Januari 2025 amri moja iliyotiwa saini Washington ilisimamisha misaada ya Marekani duniani kote, na mashirika mengi ya kiraia Afrika yakafunga kazi yaliyokuwa katikati yake. Mtu anaweza kusimamisha mradi wa kisima, akarudi mwaka ujao akakuta ardhi ipo. Shauri halingoji. Muda wa rufaa haujui kwamba mfadhili amebadili sera. Siku thelathini za kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ni thelathini tu, wakili awe na mshahara au asiwe nao.

Tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Mama Samia imepita mikoani. Mawakili na maofisa wamekaa chini ya mahema, watu wakapanga foleni wakiwa na bahasha za kaki zilizochakaa kwa kukunjwa, na humo ndani ardhi, mirathi, ndoa, matunzo ya watoto. Kampeni hiyo imefanya jambo jema, na imetuonesha ukubwa wa njaa. Lakini hema huja na huondoka. Mama aliyepewa ushauri Jumanne ana tarehe ya shauri miezi mitatu baadaye, na siku hiyo hema liko mkoa mwingine. Ninachokitaka mimi ni mtu wa kukaa, mwenye ofisi inayojulikana, mwenye kufuli la kabati linalotunza jalada lake, ambaye atakuwepo shauri likiahirishwa mara ya nane.

Tunaweza? Hebu tuhesabu pamoja. Bajeti ya serikali ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Chukueni moja ya elfu. Katika kila shilingi elfu, shilingi moja. Ni bilioni 56.49. Zigawanyeni kwa halmashauri 184 za Bara: kila halmashauri inapata kama milioni 307 kwa mwaka. Waajirini hapo mawakili wawili kwa milioni mbili kila mmoja kwa mwezi, na wasaidizi wa kisheria kumi kwa laki nne. Mmetumia milioni 96. Zimebaki zaidi ya milioni 200 za mafuta ya pikipiki, za pango la ofisi, za ada za mahakama, za nakala za hukumu, za nauli ya shahidi mzee anayekaa mbali. Mahitaji ya nchi ni mengi, nayajua. Wodi za wazazi, maji, madarasa. Lakini asiniambie mtu kwamba shilingi moja katika elfu haipo. Semeni kweli: haijaombwa kwa sauti kubwa ya kutosha.

Na wala hatuzungumzi jambo geni Afrika. Afrika Kusini ina taasisi ya umma, Legal Aid South Africa, yenye ofisi mikoani na mawakili wa mshahara, inayoendeshwa hasa kwa fedha za bajeti ya taifa lao. Malawi, nchi yenye fedha kidogo kuliko sisi, mwaka 2000 ilianza kuwaingiza wasaidizi wa kisheria katika magereza manne, wakawafundisha mahabusu kwa maigizo namna ya kuomba dhamana na namna ya kujieleza kizimbani, na nchi nyingine zikaja kujifunza kwao. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 48 inaibebesha serikali wajibu wa kumfikishia kila mtu haki, na sheria yao ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na mfuko wake. Mfuko uliotajwa kwenye sheria nao huhitaji kujazwa kila mwaka, na ndugu zetu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa wana vita yao hapo. Lakini angalau wanajua jina la kitu wanachokidai.

Waheshimiwa wabunge, nawaambia kwa heshima yote: wekeni mfuko katika sheria yetu, na mfuko huo muupe bodi isiyoweza kupigiwa simu. Nasema hivyo kwa sababu migogoro mingi ya ardhi upande mmoja ni kijiji na upande wa pili ni mamlaka ya umma. Wakili anayelipwa na halmashauri akiogopa kuishtaki halmashauri, mjane ameuziwa kivuli. Fedha itoke hazina, maamuzi yasitoke hazina. Sehemu ya faini na ada zinazokusanywa na mahakama zenyewe iende huko. Na ripoti isomwe hadharani kila mwaka: wangapi walisaidiwa, wapi, na mashauri yao yaliishaje.

Mawakili wasomi, ninyi mmepewa joho na taifa hili. Wengi wenu mko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma, na sishangai, maana wakili naye ana watoto wa kulea. Siwaombi mwe maskini. Nawaomba kila ofisi ichukue mashauri machache ya wasio na uwezo kwa mwaka, yashughulikiwe na wakili mkuu mwenyewe, yasitupiwe kijana wa mafunzo ambaye hajawahi kusimama. Nawaomba chama chenu kifikirie riba inayozaliwa na fedha za wateja zinazolala benki. Katika majimbo ya Marekani riba ya namna hiyo imegharimia msaada wa kisheria kwa miongo kadhaa. Na mnapokutana na mjane upande wa pili asiye na mtetezi, kabla hamjainua pingamizi la kasoro ya hati, jiulizeni mbele za Mungu kama mteja wenu ana hoja yoyote juu ya shamba lenyewe.

Maaskofu, mapadre, wachungaji, masheikh na maimamu, sasa ni zamu yetu, nami ni mmoja wenu. Pwani hii tangu zamani imejua wakfu. Watu wametoa minazi na nyumba, mapato yake yakahudumia misikiti, visima na wanafunzi wa vyuo. Nani amekataza wakfu wa kuwatetea wanyonge mahakamani? Nani atasema si sadaka inayoendelea, ilhali kila shamba lililookolewa linalisha mayatima mwaka hadi mwaka? Na sisi wa makanisani, tumeezeka kwa harambee, tumenunua vinanda na spika kwa harambee. Tengeni sadaka ya Jumapili moja kila robo mwaka. Toeni chumba kimoja cha usharika, meza, viti viwili na kabati la kufuli, mwiteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa akae humo kila siku ya gulio. Muumini wa dini yoyote aingie. Asiye na dini aingie. Na tukipokea tangazo la msiba, tuwe na desturi mpya: kamati ya mazishi isivunjwe mpaka watu wawili wametajwa kwa majina watakaokwenda na mjane kwenye kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo. Hilo halihitaji bajeti ya mtu. Linahitaji ninyi kukatisha siku yenu.

Na wewe unayesoma haya kwenye daladala au kibarazani, ambaye si mbunge wala wakili wala askofu, usikunje ukurasa ukadhani nimewasema wakubwa. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, bajeti kuu husomwa Juni, na kabla ya hapo baraza lenu la madiwani hukaa kupanga ya kwake. Mikutano ya kijiji na ya mtaa ni ya kwako kisheria. Nenda. Usiende peke yako. Chukua watu watano. Diwani akishamaliza kueleza habari za barabara, inua mkono, uliza: katika mpango wa mwaka ujao, fedha za msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo ziko fungu gani? Akisema jambo hilo ni la wizara, mwulize ameiandikia wizara lini. Akisema mpango upo, mwulize kiasi. Akitaja kiasi, mwulize kama fedha zimeshatoka au ziko kwenye karatasi. Kisha mwambie katibu aliandike swali lako na jibu ulilopewa kwenye muhtasari, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwepo, na uombe nakala.